Uvimbe Usiouma: Mwongozo wa Kuzijua Dalili za Saratani ya Titi

Maumivu ni mjumbe ambaye sote tumezoea kumtii. Jino likituuma twaamka usiku wa manane kutafuta karafuu. Mwiba ukituchoma hatutulii mpaka utoke. Na mtoto akililia sikio, mama yake hangoji kukuche. Lakini saratani ya titi, katika siku zake za mwanzo, ambazo ndizo siku za kutibika, aghalabu haimtumi mjumbe huyo. Huanza kama donge dogo, gumu, lililotulia mahali pake pasipo kuuma wala kuwasha, na kwa kuwa haliumi, mwenye nalo hujiambia moyoni kuwa si kitu, akaendelea kuuza vitumbua vyake, kusomesha wanawe na kuuguza wakwe zake, huku donge likikua mwezi baada ya mwezi. Ukishika neno moja tu katika mwongozo huu, msomaji, shika hili: kutouma si dalili ya usalama.

Nilimjua mama mmoja wa mtaani kwetu, hodari wa mapishi ya harusi. Mwezi wa Rajabu, alipokuwa akikoga, vidole vyake vilikuta kitu mfano wa punje ya mbaazi upande wa nje wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Alikingoja kiume ili apate sababu ya kumwendea tabibu, nacho hakikuuma. Rajabu ya mwaka uliofuata kilikuwa kimekuwa kama kungumanga, na ngozi iliyo juu yake imebonyea. Naye alikwisha kuzoea kujitanda kanga mbili kifuani hata ndani ya nyumba, na akipakua pilau hutumia mkono wa kulia peke yake, kwa maana wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba na kuwa mzito. Sisi tulioketi naye jamvi moja hatukuuliza. Mwaka ule, baina ya mbaazi na kungumanga, ndio ninaotaka usimpotee mwanamke mwingine.

KWA NINI KUWAHI KUNA FAIDA

Neno saratani limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Matabibu wa kale wa Uyunani waliufananisha ugonjwa huu na mnyama huyo kwa sababu ya mishipa iliyotanuka kuuzunguka uvimbe mithili ya miguu yake, na mfano ule ungali unafaa, kwa kuwa uvimbe wa saratani huikamata nyama iliyo jirani yake na kuivuta.

Chembe za mwili huzaliana kwa kiasi, na zikichakaa hufa. Chembe za saratani zimekiasi kiasi hicho. Katika titi, aghalabu huanzia kwenye mirija ipitishayo maziwa. Zikiachwa, hupenya nje ya mirija, zikafuata njia za maji ya limfu mpaka kwenye tezi za kwapani, kisha zikaingia katika damu na kufika mifupani, katika ini, katika mapafu na hata katika ubongo. Uvimbe uliobaki ndani ya titi hauui. Kinachoua ni safari hiyo. Basi mintarafu ya maradhi haya, kuwahi maana yake ni kumkuta kaa angali shimoni mwake, ambapo upasuaji na dawa zina nguvu juu yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na watu 670,000 walikufa kwayo. Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa walio wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao ni wanawake ambao hawajatimiza miaka 50. Umri mkubwa huongeza hatari. Vivyo hivyo kuwa na mama, dada au binti aliyepata maradhi haya, unywaji wa pombe, na unene baada ya kukoma hedhi. Kunyonyesha hupunguza hatari, ila hakuiondoi. Na takriban nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote ya kutajwa isipokuwa kwamba ni wanawake na wamevuka miaka 40. Kwa hiyo asiseme mtu, “Kwetu hakuna ugonjwa huo,” akadhani amepata kinga.

Wanaume nao wana matiti, japo madogo, na baina ya wagonjwa mia moja wa saratani hii mmoja au pungufu yake ni mwanamume. Mwanamume mwenye donge gumu nyuma ya chuchu asione haya. Dalili zake ni hizi hizi, na tiba ni hiyo hiyo.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kila mwanamke ana matiti ya namna yake. Kuna mwenye titi moja kubwa kuliko la pili tangu ubaleghe, kuna mwenye chuchu iliyoingia ndani tangu azaliwe, na hayo si maradhi. Ulitafutalo ni badiliko: jambo ambalo jana halikuwako na leo lipo.

• Donge jipya katika titi, hasa lililo gumu, lisilo na kingo zilizo laini, na lisilohama likisukumwa.
• Donge kwapani au juu ya mtulinga, hata kama katika titi hukuona kitu.
• Ngozi iliyobonyea na kuacha kishimo, au iliyo nene yenye vitundu kama ganda la chungwa.
• Chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuvutwa ndani, au kuelekea upande usio wake.
• Damu, au maji maangavu, yatokayo yenyewe katika chuchu ya titi moja pasipo kuminywa.
• Upele, magamba au kidonda juu ya chuchu, kisichopona kwa mafuta wala dawa ya kupaka. Wengi hukidhani kuwa ni ukurutu.
• Titi moja kuvimba, kuwa zito, au kubadilika umbo.
• Ngozi ya titi kuwa na joto na kugeuka rangi. Vitabu vingi husema “wekundu”, lakini juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau au weusi uliokoza kuliko sehemu nyingine. Uzingatie sana, kwa kuwa iko saratani ya namna hii isiyo na donge, nayo huenda mbio: hushika titi zima kwa muda wa majuma machache.

Kidonda kilichopasuka chenye harufu, mkono kuvimba, maumivu ya mgongo yasiyokoma na pumzi kuwa fupi ni dalili pia, lakini ni dalili za waliochelewa. Usizingoje.

Mintarafu ya maumivu: matiti yanayouma yote mawili kabla ya hedhi ni jambo la kawaida. Maumivu yaliyokaa mahali pamoja, katika titi moja, mwezi nenda mwezi rudi, yanastahili kuonwa na tabibu.

KUJIJUA KWA MKONO

Yanipasa kusema jambo moja wazi kabla ya kufundisha kujikagua. Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 wafanyakazi wa viwanda vya nguo waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likafundishwa kujikagua kila mwezi, na baada ya miaka kumi, matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, idadi ya waliokufa kwa saratani ya titi ilikuwa sawasawa katika mafungu yote mawili. Kwa hiyo kujikagua si hirizi, wala si badala ya tabibu. Faida yake ninayoiamini kwa nchi zetu, ambako mashine za uchunguzi ni chache na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kuwa kama limau, ni kumfanya mwanamke aijue hali yake ya kawaida, ili siku badiliko litakapotokea alitambue mapema na asilionee shaka.

Wakati. Siku chache kabla ya hedhi matiti hujaa na kuwa na madonge ya kawaida yanayoletwa na homoni, na mwenye kujikagua wakati huo hujitia wasiwasi bure. Siku bora ni zile zinazofuata kukatika kwa damu, takriban siku ya saba mpaka ya kumi tangu hedhi kuanza. Kwa mwanamke Mwislamu siku hiyo ina alama yake tayari, nayo ni siku ya josho: mlango umefungwa, stara ipo, na mikono ina sabuni. Akiisha kutimiza josho lake, na azidishe dakika kumi. Mwenye mimba au aliyekoma hedhi na achague siku moja isiyobadilika, kama vile siku ya pili ya mwandamo wa mwezi au Jumapili ya kwanza. Anayenyonyesha ajikague mtoto akiisha kushiba, titi likiwa tupu.

Vifundishe vidole kwanza. Siku ya kupika chapati, kata donge moja la unga uliokandwa, mpe binti yako au dada yako afiche ndani yake punje moja ya mbaazi kavu na punje moja ya choroko, kisha uzitafute bila ya kulichana. Utaona kwamba ncha za vidole, kule kwenye kucha, huzama na kupita, hali tumbo la vidole vitatu vya kati, likizungushwa polepole kwa kukandamiza, huigundua mbaazi upesi. Choroko itakutoa jasho. Fanya hivyo mara tatu au nne, na vidole vitakuwa vimejifunza kile ambacho maneno yangu hayawezi kuvifundisha.

Hatua zenyewe:

1. Simama mbele ya kioo, kifua wazi, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni, kwa maana mwanga wa ubavuni huonyesha kishimo ambacho mwanga wa mbele hukificha. Tazama mikono ikiwa imening’inia. Kisha uiinue juu ya kichwa. Kisha uibane kiunoni mpaka misuli ya kifua ikaze. Kisha inama mbele. Ngozi iliyoshikwa na uvimbe kwa ndani hujidhihirisha katika mojawapo ya hali hizo.

2. Lala chali. Ukikagua titi la kulia, kunja kanga uiweke chini ya bega la kulia, na mkono wa kulia uuweke nyuma ya kichwa, ili titi litandae juu ya mbavu.

3. Kwa tumbo la vidole vitatu vya mkono wa kushoto, fanya miduara midogo isiyozidi upana wa sarafu. Mahali pamoja kandamiza mara tatu: kwa wepesi upate nyama iliyo chini ya ngozi, kwa kiasi upate ya kati, na kwa nguvu mpaka uzihisi mbavu.

4. Pita kwa mistari ya juu na chini, kama apitavyo mpalizi katika matuta, ukianzia kwapani na kuishia katika mfupa wa kidari, tangu mtulinga mpaka chini ya mkunjo wa titi. Usiharakishe pembe ya juu iliyo upande wa kwapa. Karibu nusu ya saratani za titi huota hapo.

5. Teremsha mkono ulegee, upeleke vidole ndani kabisa ya kwapa, kisha upapase juu ya mtulinga.

6. Itazame chuchu na weusi unaoizunguka. Usiiminye kutafuta maji. Majimaji yenye maana ni yale yatokayo bila ya kuitwa, ambayo aghalabu utayaona kwanza katika nguo ya ndani.

7. Rudia upande wa pili.

Mara mbili tatu za mwanzo utakutana na mengi ya kukutisha: ukingo mgumu chini ya titi, ambao kila mwanamke anao; vifundo laini upande wa nje, ambavyo ni tezi; na ubavu wenyewe, ambao wengi wameudhania kuwa donge. Ukitia shaka, linganisha na titi la pili mahali pale pale. Kitu kilichopo pande zote mbili kwa namna moja aghalabu ni maumbile.

HADHARI: MKONO HAUTOI HUKUMU

Katika madonge kumi, takriban manane si saratani. Msichana wa miaka 20 akikuta donge la mviringo, laini, linaloteleza chini ya kidole kama gololi iliyofunikwa kitambaa, yaelekea ni uvimbe usiodhuru unaowapata wasichana wengi. Donge linalojaa na kunywea pamoja na hedhi yaelekea ni kifuko cha maji. Donge la anayenyonyesha, lenye joto na maumivu pamoja na homa, yaelekea ni maziwa yaliyoganda au maambukizo.

Lakini “yaelekea” si “yakini”. Ziko saratani laini, na ziko zinazoteleza. Hata daktari bingwa hatoi hukumu kwa mkono peke yake, sembuse jirani aliyekuja kunywa kahawa. Mama anayenyonyesha ana hatari ya pekee, kwa sababu kila mtu humwambia ni maziwa: akipewa dawa ya maambukizo, na majuma mawili yakapita titi halijarudi katika hali yake, asikubali kupewa dozi ya pili na ya tatu ya dawa ile ile bila ya kupigwa picha ya altrasaundi.

UKIONA DALILI, FANYA HIVI

1. Andika tarehe, titi gani, sehemu gani, na ukubwa kwa kitu unachokijua: choroko, mbaazi, kungumanga, limau. Usilikande donge, usilichue kwa mafuta, usilichome kwa maji ya moto.

2. Kama hujatimiza miaka 30, donge limeonekana karibu na hedhi, na hakuna dalili nyingine, waweza kungoja hedhi ipite ulipapase tena. Likitoweka, alhamdulillahi. Likibaki, mngojo umekwisha. Wengine wote, na kila mwenye damu katika chuchu, kishimo, ngozi ya ganda la chungwa au chuchu iliyoingia ndani, waende juma hilo hilo. Mwenye titi lililovimba ghafla na kugeuka rangi aende siku hiyo hiyo.

3. Nenda katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Tabibu asiyekushika titi na kwapa hajakuchunguza. Una haki ya kuomba mwanamke akuchunguze, au uwe na ndugu yako chumbani. Donge likithibitika kuwapo, omba barua ya rufaa. Usirudi nyumbani na vidonge vya maumivu peke yake.

4. Hospitalini vipimo ni vitatu, na kimoja hakitoshi: mkono wa daktari, picha, ambayo kwa vijana huwa altrasaundi na kwa watu wazima huwa pia mamogramu, na kipimo cha kinyama, ambapo sindano huchukua sehemu ndogo ya uvimbe ikatazamwe kwa darubini. Hicho cha tatu ndicho hakimu.

5. Omba majibu kwa maandishi. Kama ni saratani, uliza: ni ya namna gani, iko hatua ya ngapi, na je, inaitikia homoni? Jawabu la swali la mwisho huamua kama utatumia vidonge vya miaka kadhaa, ambavyo kwa wengi ni msaada mkubwa.

6. Hesabu siku. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa aonwe kwa mara ya kwanza mpaka ajue ugonjwa wake zisipite siku 60. Zikikaribia, rudi ukaulize.

Nchini Tanzania, rufaa za saratani huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika eneo la hospitali ya pwani waliyoijenga Wajerumani, na pia hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza na ya KCMC iliyoko Moshi. Nchini Kenya ziko hospitali za Kenyatta, Nairobi, na Coast General, Mombasa.

Chukua nawe: barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, picha na majibu yote ya zamani, orodha ya dawa unazotumia, karatasi yako ya tarehe, na mtu mmoja mwenye kumbukumbu njema, kwa sababu anayeambiwa habari nzito husikia nusu yake tu.

MAKOSA YANAYOGHARIMU UHAI

Watu husema kuwa sindano ya kinyama “humchokoza” kaa akaenea. Dhana hii imewakimbiza wengi, nayo si kweli. Waliokufa baada ya kipimo walikuwa wamekwenda wakiwa wamechelewa, na ugonjwa ulikwisha kusafiri kabla ya sindano kuingia.

Kuchanjwa chale, kupakwa dawa za kuchoma na kufungwa majani hupasua ngozi na kukaribisha maambukizo, na zaidi ya hayo hula miezi. Simkatazi mtu dua wala kisomo, kwa kuwa moyo wa mgonjwa una haja ya utulivu. Ninachosema ni kwamba dua husomwa hata njiani kuelekea hospitali.

Wengine huogopa kukatwa titi, wakiogopa zaidi nini mume atasema. Uvimbe uliowahiwa mara nyingi huondolewa peke yake, titi likabaki, kisha ikafuata mionzi. Nawe mume, mke akikuambia, “Nimegusa kitu,” jawabu lako ni nauli na kusindikiza.

Kosa la mwisho ni la wale wanaoanza dawa, uvimbe ukanywea baada ya dripu mbili, wakaona wamepona na wasirudi. Uvimbe ulionywea haujafa. Dozi na imalizwe.

Na kwenu masomo na makungwi, mnaokaa na wari siku saba mkiwafundisha usafi na mambo ya unyumba: ongezeni somo la donge la unga na punje ya mbaazi. Msichana aliyefundishwa nanyi hasahau.

Waliosema “mficha maradhi, kilio humfichua” walijua kuwa neno gumu kuliko yote ni lile la kwanza. Wengi hufika mpaka mlango wa zahanati, wakaulizwa shida yao mbele ya watu, wakasema ni kichwa kinauma. Basi usilitafute neno ukiwa pale, lichukue kutoka nyumbani, liseme kwa sauti ya chini kama hupendi lisikiwe, au mpe mwuguzi likiwa limeandikwa katika karatasi: “Nimeona uvimbe katika titi langu, naomba nichunguzwe.”